Kutoka Kinanda cha Kanisa hadi Jukwaani: Waimbaji wa Kwaya Walioijenga Opereta



Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za kwaya yetu wenyewe: walioianzisha, walioiongoza, na wale waliotangulia kwa Bwana. Makala haya yanakwenda mbali kidogo na nyumbani, lakini swali lake ni la hapa hapa. Kila mwaka kwaya inapoandaa igizo la Krismasi au la Ijumaa Kuu, kuna mzee atakayeuliza, kwa nia njema kabisa, mwimbaji wa kanisa anatafuta nini jukwaani. Na kuna kijana atakayejibu kwamba Habari Njema huingia moyoni upesi zaidi watu wakiiona kwa macho. Wote wawili wanaipenda kwaya. Ila mara nyingi hubishana kana kwamba jambo hili limeanzia kwao.

Halikuanzia kwao. Katika karne ya kumi na tisa, huko Paris na London, ilizaliwa aina ya muziki wa jukwaani inayoitwa opereta. Ni ndugu mdogo wa opera. Opera mara nyingi huimbwa tangu mwanzo hadi mwisho na husimulia mambo mazito. Opereta ni nyepesi zaidi: waigizaji huzungumza, kisha huimba, kisha huzungumza tena, na wakubwa wa dunia huchekwa humo bila kuogopwa. Tamthilia za muziki tunazoziona leo katika filamu na kumbi kubwa ni wajukuu zake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba walioijenga opereta walitoka kwenye kinanda cha ibada na kwenye safu za kwaya, na walioihifadhi hadi leo ni waimbaji wa kawaida wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi.

Mpiga kinanda mwenye majina mawili

Mfaransa Florimond Ronger alizaliwa mwaka 1825. Akiwa kijana alipata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, mahali walipohifadhiwa wagonjwa wa akili. Aliona kwamba muziki unawatuliza, akawafundisha kuimba, na mwaka 1842 akaandaa nao igizo dogo lenye nyimbo humo humo hospitalini. Miaka mitatu baadaye akawa mpiga kinanda wa Saint-Eustache, mojawapo ya makanisa makubwa ya Paris.

Lakini jioni alikuwa mtu mwingine. Alikwenda kwenye kumbi za maigizo, akatunga, akaimba na kuigiza chini ya jina la Hervé. Jina hilo lilimsaidia kulinda mkate wake, kwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa hakutarajiwa kuonekana akichekesha watu usiku. Mwaka 1854 alifungua ukumbi wake mdogo, na wanahistoria wengi humtaja kuwa baba wa opereta. Mwaka 1883, akiwa mtu mzima, aliyacheka maisha yake mwenyewe katika Mam'zelle Nitouche: humo mpiga kinanda wa nyumba ya watawa huwafundisha wasichana nyimbo takatifu mchana, na usiku huandika opereta kwa jina jingine.

Mwenzake na mshindani wake alikuwa Jacques Offenbach, aliyezaliwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1819. Baba yake, Isaac, alikuwa kiongozi wa uimbaji katika sinagogi, kwa hiyo kijana huyu alikua akisikia zaburi zikiimbwa kila Sabato. Alipelekwa Paris mwaka 1833 kusomea muziki, na tarehe 5 Julai 1855, katika mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia mjini humo, akafungua ukumbi wake, Bouffes-Parisiens.

Serikali ya Ufaransa ililinda kumbi kubwa kwa masharti makali. Mwanzoni Offenbach aliruhusiwa wahusika watatu tu wanaozungumza. Ukumbi wa watu watatu hauna kwaya. Alifanya aliloweza, lakini masharti yalipolegezwa mwaka 1858 ndipo alipopata nafasi aliyoisubiri. Oktoba mwaka huo alitoa Orphée aux enfers, kichekesho juu ya miungu ya Wayunani waliochoshwa na maisha ya mbinguni. Jukwaa lilijaa waimbaji. Ni kazi hiyo iliyoipeleka opereta nje ya Ufaransa, hadi Vienna na London.

Mtoto wa kwaya na besi zake za polisi

Huko London tunakutana na mtu ambaye kila mmoja wetu amewahi kuimba sauti yake bila kumjua. Arthur Sullivan alizaliwa mwaka 1842, mwana wa mwanamuziki wa bendi ya jeshi. Mwaka 1854, kabla hajatimiza miaka 12, alipokelewa Chapel Royal, kwaya ya kanisa la kifalme, akavaa koti jekundu lenye dhahabu na kuimba sauti ya kwanza. Alisoma London na Leipzig, na aliporudi mwaka 1861 alipata kazi ya mpiga kinanda katika kanisa la St Michael's, Chester Square.

Tatizo alilolikuta hapo kila mwalimu wa kwaya nchini mwetu analijua: soprano na alto walikuwa wa kutosha, wanaume hawakuwepo. Sullivan hakukaa kulalamika. Karibu na kanisa kulikuwa na kituo cha polisi. Alikwenda kuzungumza na mkuu wa kituo, akarudi na tena sita na besi sita, pamoja na wachache wa akiba. Baadaye alisimulia kwamba askari hao, hata wakiwa wamechoka kwa doria, hawakukosa mazoezi. Kumbukeni polisi hao, maana watarudi katika habari hii.

Mwaka 1871 Sullivan alitunga sauti aliyoiita St Gertrude, kwa ajili ya maneno ambayo mchungaji Sabine Baring-Gould aliyaandika mwaka 1865 ili watoto wa Horbury Bridge wayaimbe katika maandamano. Ndiyo sauti ya wimbo wa askari wa Kristo wanaokwenda vitani msalaba ukiwa mbele yao, wimbo unaoimbwa kwa Kiswahili na kwa lugha za kwetu kila kanisa linapoandamana. Ilichapishwa katika gazeti la muziki mjini London mwezi Desemba 1871. Na mwezi huo huo, siku moja baada ya Krismasi, mtu huyo huyo alionyesha katika ukumbi wa Gaiety kichekesho kiitwacho Thespis. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya na mwandishi W. S. Gilbert. Mwezi mmoja, mkono mmoja: wimbo wa maandamano ya kanisa na kichekesho cha jukwaani.

Kwaya inapopata sura

Gilbert alikuwa wakili aliyegeuka mwandishi wa maigizo. Pamoja na Sullivan alifanya kazi 14 kati ya 1871 na 1896. Aliyewaunganisha kwa kudumu ni Richard D'Oyly Carte, meneja wa ukumbi wa Royalty. Mwaka 1875 alikuwa akionyesha opereta ya Offenbach, La Périchole, na alihitaji kipande kifupi cha kujaza jioni. Gilbert na Sullivan wakampa Trial by Jury, iliyofunguliwa tarehe 25 Machi 1875.

Ni kesi mahakamani. Bwana mmoja amevunja ahadi ya ndoa, na bibi harusi anadai fidia. Uingereza kesi kama hiyo ilisikilizwa na jopo la raia 12, na hapo ndipo ilipo hekima ya Gilbert: waimbaji wa kwaya ndio jopo. Hawasimami nyuma kwa safu wakisubiri zamu yao ya kuitikia. Wamekaa katika viti vyao vya mahakama, wana jambo la kuamua, wanamhurumia bibi harusi hata kabla ya kusikia ushahidi, na watazamaji wanawacheka kwa kuwa wanawajua watu wa namna hiyo.

Katika opera nyingi za zamani kwaya ilikuwa kama ukuta uliopakwa rangi nzuri. Gilbert aliwapa waimbaji wake sura. Katika H.M.S. Pinafore ya 1878 ni mabaharia wanaopenda meli yao, na wanawake wa ukoo mkubwa wanaomfuata waziri wa majeshi ya majini kila aendako. Katika The Pirates of Penzance ya 1879 ni maharamia wenye huruma kupita kiasi, na ni polisi wanaotumwa kuwakamata huku magoti yakigongana kwa hofu. Sullivan alisema kwamba alipokuwa akiutunga muziki wa kazi hiyo aliwakumbuka wakati mwingine wale askari wake wa St Michael's. Basi besi za kanisa dogo ziliingia katika historia ya jukwaa.

Gilbert alipanga kila hatua nyumbani kabla ya mazoezi, akitumia jukwaa dogo la mfano na vipande vya mbao vilivyosimama badala ya waimbaji. Alipofika ukumbini alijua kila mmoja atasimama wapi. Na alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: maneno yasikike. Sauti nzuri inayomeza maneno haikumridhisha.

Sullivan naye alileta alichofundishwa kanisani. Angalieni jinsi alivyozitumia kwaya mbili. Kwanza polisi huimba sauti yao, kisha wasichana huimba yao, tofauti kabisa kwa mwendo na kwa hisia, kisha zote mbili huimbwa kwa pamoja na zinapatana bila kugongana. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kusikia sauti nne tangu utotoni. Na katikati ya vurugu za maharamia, mara ala zote hunyamaza, watu wote jukwaani husimama na kuimba bila chombo, polepole, kwa sauti za kitenzi cha ibada. Watazamaji hucheka kwa sababu ya mahali wimbo ulipowekwa, kisha hunyamaza kwa sababu ya uzuri wake.

Haikuwa kicheko kitupu kwake. Jaji wa kwanza wa Trial by Jury alikuwa ndugu yake mkubwa, Fred Sullivan. Fred aliugua na kufariki Januari 1877, akiwa na miaka 39. Arthur alikesha kando ya kitanda chake, na siku hizo ndipo alipotunga The Lost Chord, wimbo wa mpiga kinanda anayeutafuta mlio mmoja mtakatifu uliomponyoka.

Kwaya za kanisa zakwea jukwaani Marekani

Pinafore ilionyeshwa London mara 571 mfululizo. Marekani ilienea kama moto wa nyika, na bila ruhusa ya wenyewe, kwa kuwa wakati ule sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo haikuwalinda watunzi wa kigeni. Vikundi vingi vilijitokeza kuiimba, na baadhi yavyo vilikuwa vya kwaya za kanisa. Philadelphia ilikuwa na chake. Chicago ilikuwa na chake. Boston ilipata kikundi cha waimbaji hodari, wengi wao wakitoka katika kwaya za makanisa ya mji huo.

Kwa nini kwaya za kanisa? Sababu ya kwanza ni wazi: hao ndio waliojua kuimba sauti nne. Sababu ya pili ni ya kijamii. Waumini wengi wa Marekani walifundishwa kwamba nyumba ya maigizo ni mlango wa upotevu, na hawakuwahi kukanyaga humo. Lakini jukwaani alipokuwepo tena wa kanisa lao, na maneno yakiwa masafi, walikuja na watoto wao. Gilbert mwenyewe alikuwa amekusudia kuandika vichekesho ambavyo baba angeweza kuvitazama na binti zake bila kuona haya.

Kikundi cha Philadelphia kiliongozwa na kijana John Philip Sousa, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa muziki wa bendi. Humo alimkuta msichana mmoja mwimbaji, Jane Bellis, wakaoana tarehe 30 Desemba 1879. Wanaosema kwamba watu hupata wachumba kwaya hawakosei, na jambo hilo lina umri mrefu.

Lawama

Je, wakubwa wa muziki na wa dini walifurahi? La. Mwaka 1883 Malkia Victoria alimpa Sullivan heshima ya kuitwa Sir, na mara wakosoaji wakamwandikia magazetini kwamba yaliyofaa kwa Bwana Sullivan hayamfai tena Sir Arthur. Walitaka aandike nyimbo takatifu na opera kubwa, aachane na vichekesho. Maneno hayo yalimwingia. Alikuwa ametunga kazi ndefu za Biblia, kama The Prodigal Son ya 1869 juu ya mwana mpotevu, na The Light of the World ya 1873. Aliongoza tamasha kubwa la kwaya la Leeds tangu 1880 hadi 1898. Moyoni mwake hakuacha kuamini kwamba kazi hizo ndizo zilizostahili nguvu zake, na mara kadhaa aligombana na Gilbert kwa sababu hiyo.

Historia imeamua vingine. Kazi zake ndefu za Biblia huimbwa kwa nadra. Lakini wimbo wa maandamano unaimbwa, na The Mikado ya 1885, iliyoonyeshwa mara 672 katika ukumbi wa Savoy, haijawahi kutoka jukwaani. Si kwamba kicheko kinashinda sala. Ni kwamba katika wimbo ule wa maandamano na katika opereta zile Sullivan aliwaandikia watu wengi waimbe pamoja, na waimbaji wa kawaida wakaweza kuuchukua muziki huo kuwa wao.

Waliouhifadhi moto

Jambo hili la waimbaji wa kawaida linahitaji maelezo. Karani, fundi na mfanyakazi wa kiwanda waliwezaje kuimba muziki wa sauti nne? Jibu liko ndani ya vitabu vyetu wenyewe: solfa. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich alibuni njia ya kuandika muziki kwa herufi, na tangu miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza ili maskini nao waweze kusoma muziki. Uingereza ikajaa kwaya. Wamisionari wakaileta Afrika, na leo mwalimu wa kwaya wa Kenya anayeandika d, r, m ubaoni anatumia chombo kile kile.

Kwaya hizo za solfa na vikundi vya ridhaa vya mitaa na makanisa ndivyo vilivyoishika opereta. Mwaka 1899 vikundi hivyo viliunda chama chao cha kitaifa nchini Uingereza, na kingali kipo. Kampuni ya D'Oyly Carte ndiyo iliyokuwa na haki ya kuonyesha kazi za Gilbert na Sullivan kwa malipo nchini humo, nayo ilifuata desturi za mwanzo kwa ukali mkubwa. Haki hiyo iliisha mwishoni mwa 1961, miaka 50 baada ya kifo cha Gilbert. Februari 1982 kampuni yenyewe ikafunga milango kwa kukosa fedha, na ingawa ilifufuliwa baadaye kwa muda, haikurudia hali yake ya kale. Wengi walidhani opereta hizo zitazikwa pamoja nayo. Hazikuzikwa. Tangu 1994 vikundi kutoka nchi mbalimbali hukusanyika Uingereza kila mwaka katika tamasha lililoanzia mji wa Buxton, na wengi wa waimbaji wake ni watu wenye kazi nyingine za kila siku.

Hakimiliki ilipokwisha, wapangaji wa maonyesho nao wakapata uhuru. Mwaka 1980 Joseph Papp aliileta The Pirates of Penzance katika bustani ya Central Park, New York, akiwa na nyota wa nyimbo za redio Linda Ronstadt na muziki uliopangwa upya kwa vyombo vya kisasa. Onyesho likahamia Broadway mwaka 1981 na kupata tuzo. Mwaka 1986, mjini London, Jonathan Miller aliichukua The Mikado, ambayo hadithi yake imewekwa Japani, akaihamishia katika hoteli ya Kiingereza ya pwani. Hoja yake ilikuwa rahisi: Gilbert hakuwahi kuicheka Japani, aliwacheka Waingereza waliovaa kanzu za Kijapani.

Lakini hapo pana jeraha ambalo mavazi hayawezi kulifunika. Mwaka 2014, mjini Seattle, kikundi kimoja kiliionyesha The Mikado bila hata mwimbaji mmoja mwenye asili ya Asia, huku nyuso zikipambwa kuiga Wajapani. Wamarekani wenye asili ya Asia walisema wazi kwamba kicheko hicho kinawaumiza. Mwaka uliofuata kikundi cha New York kilichokuwa kikijiandaa kufanya vivyo hivyo kiliahirisha onyesho, kikasikiliza, na mwishoni mwa 2016 kikarudi na toleo jipya lililoonyesha kwanza jinsi Waingereza wale walivyoibuni Japani ya kichwani mwao. Wengine walilaumu kwamba kazi ya kale imeharibiwa. Lakini mtu anayeimbwa vibaya akiwa hayupo ana haki ya kusema atakapofika.

Na kazi hiyo hiyo ilikuwa imewahi kutumika kwa namna nyingine. Mwaka 1938, mjini Chicago, waimbaji weusi wa mradi wa maigizo wa serikali ya Marekani waliichukua The Mikado, wakaihamishia katika kisiwa cha kubuni na kuitia midundo ya jazi. Wakati huo milango mingi ya jukwaa ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi. Walijaza ukumbi kwa miezi, kisha wakaipeleka New York.

Tunachoweza kuchukua

Sasa turudi kwa mzee na kijana wetu. Historia hii haimpi ushindi mmoja wao. Mzee ana haki ya kuogopa. Hervé aliishi na majina mawili kwa miaka mingi, na mwimbaji anayeimba jambo moja Jumapili na kuishi jingine Jumatatu anajua mzigo huo. Kijana naye ana haki ya kutaka jukwaa, kwa kuwa muziki wa ibada na muziki wa jukwaa ulikaa ndani ya mtu mmoja, ndani ya mwezi mmoja, bila kuharibiana.

Historia inaonyesha mahali pa kuangalia. Tunapoandaa igizo, kila mwimbaji ajue yeye ni nani. Kwaya ya Ijumaa Kuu si safu ya kanzu. Ni umati wa Yerusalemu, na kila mmoja katika umati ule aliamua kupaza sauti au kunyamaza. Maneno yasikike hadi kiti cha mwisho, hata ikibidi kupunguza mapambo ya sauti. Na tukichekesha, tumcheke mwenye nguvu na tujicheke wenyewe. Igizo linalochekesha kwa kuiga lafudhi ya kabila la jirani au mwendo wa mlemavu limekwisha kosa njia, hata kama mwisho wake ni sala.

Tuhifadhi pia karatasi zetu. Muziki mwingi wa Thespis, ile kazi ya Desemba 1871, umepotea. Vimebaki vipande vichache tu, na hakuna atakayeusikia tena kama ulivyokuwa. Ikiwa muziki wa mtu mashuhuri katika mji wenye wachapishaji wengi ungeweza kupotea hivyo, je, zile nyimbo ambazo waasisi wetu walizitunga kwa solfa katika daftari za shule? Jubilei ni wakati mzuri wa kufungua masanduku na kunakili.

Arthur Sullivan alifariki tarehe 22 Novemba 1900. Alitaka azikwe na wazazi wake, lakini kwa agizo la Malkia akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Ibada ilianzia Chapel Royal, alikoanzia kuimba akiwa mtoto. Na kaburini, ndani ya kanisa kuu, waliosimama kuimba bila chombo walikuwa kwaya ya ukumbi wa Savoy: wale mabaharia, wale maharamia, wale polisi waoga. Waliimba wimbo wa mazishi alioutunga yeye mwenyewe katika kazi takatifu ya 1880, The Martyr of Antioch. Hapakuwa na aliyewauliza wanatafuta nini kanisani.

Tunawatakia wanakwaya wote heri ya Jubilei. Bwana azidi kuzilinda sauti zenu, soprano hadi besi, na azidi kutuletea tena.